Breki ya Sahani Inayokwaruza

Leo twataka kuzungumza juu ya sauti moja ndogo ambayo wengi huisikia na wachache huishughulikia. Ni ile sauti ya shii, shii, shii, itokayo katika gurudumu la baisikeli hali mpandaji hakuigusa breki hata kidogo.

Tumfikirie mtu wa Fukayosi atokaye alfajiri na tenga la mananasi nyuma yake, ameshika barabara ya lami itokayo Msata kwenda Bagamoyo. Baisikeli yake si ile ya zamani yenye breki za fimbo; ni ya siku hizi, yenye sahani nyembamba ya chuma kwenye kitovu cha gurudumu. Sahani ile ikisuguliwa njia nzima, sehemu ya nguvu anazokanyagia yaweza kumpotea bure. Lakini jasho si hatari. Hatari ni kwamba, akichoshwa na kelele, atalegeza waya mpaka kelele iishe, na breki nayo itakuwa imekwisha. Kisha atafika kwenye mteremko na tenga lake, lori likija mbele. Huyo ndiye tunayemsemea leo.

Breki ya namna hii si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha haki ya breki ya sahani kwa motokaa mwaka 1902. Kwenye baisikeli za kawaida ilikawia sana kufika. Kazi yake ni rahisi kuielewa. Juu ya sahani pamefungwa kibanio, na ndani yake mna pedi mbili, moja kila upande. Ukivuta mkono wa breki, waya huvutika, na pedi huibana sahani kama vidole viwili vibanavyo kipande cha karatasi. Sasa, katika breki ya fimbo, mpira hukaa mbali kidogo na rimu, hata rimu ikipinda kidogo haidhuru. Katika breki ya sahani nafasi iliyopo haifiki nusu milimita. Ndiyo sababu kosa dogo kama unene wa unywele husikika.

Basi, msikimbilie spana. Mafundi wengi wenye haraka huharibu hapa, maana hukaza na kulegeza kila bolti waionayo bila kujua wanatafuta nini. Inueni gurudumu, lizungusheni polepole, na tegeni sikio. Kama sauti haikatiki, kibanio au gurudumu limekaa upande. Kama sauti huja na kwenda, mara moja kila mzunguko, sahani imepinda.

Anzeni na gurudumu lenyewe. Mara nyingi limetolewa kwa kuziba pancha, likarudishwa likiwa limeinama kidogo. Legezeni nati zake, likalisheni sawasawa hadi mwisho wa nafasi zake, kisha kazeni. Mara nyingi sauti huishia hapa, na fundi asiye mwaminifu hupata fedha ya bure. Shikeni pia gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, gololi zimelegea, na hakuna marekebisho ya breki yatakayodumu mpaka zikazwe.

Kama bado inakwaruza, tazameni waya. Katika hewa ya chumvi ya pwani, waya hupata kutu ndani ya ganda lake, na baada ya kuvutwa haurudi. Waya wa namna hiyo ubadilishwe. Ukiwa mzima, tafuteni bolti mbili zinazokifunga kibanio kwenye baisikeli. Zilegezeni kidogo tu, hata kibanio kiweze kusogea. Vuteni mkono wa breki kwa nguvu, na mwenzenu aushikilie hivyo hivyo. Kibanio kitajiweka chenyewe juu ya sahani. Hali breki imebanwa, kazeni bolti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, maana ukiikaza moja kabisa kwanza, itakivuta kibanio upande.

Katika breki nyingi za waya, pedi moja tu ndiyo isogeayo. Ya pili imetulia, na ina skrubu yake ya kuisogeza. Kwa hiyo sahani ikigusa pedi iliyotulia, irudisheni nyuma kidogo kwa skrubu hiyo, wala msiuguse waya.

Sahani iliyopinda yataka subira. Angalieni mahali inapogusa, patieni alama ya chaki pembeni, kisha shikeni kwa spana ya kurekebishika iliyozungushiwa kitambaa safi, na kuisukuma kidogo sana. Zungusheni, tazameni, rudieni. Msiweke kidole kati ya sahani na kibanio gurudumu likizunguka, maana sahani hukata kama kisu. Wala msiiguse baada ya mteremko mrefu, kwa kuwa huunguza.

Na jambo moja tunalisema kwa mkazo: msitie mafuta! Tumeona watu wakitia mafuta ya cherehani ili kelele inyamaze. Kweli hunyamaza, na breki nayo haishiki tena, kwa sababu pedi hunywa mafuta na kuteleza. Pedi iliyolowa mafuta hutupwa. Tope la masika lioshwe kwa maji safi, na sahani ifutwe kwa spiriti.

Sahani nyingi zikiwa mpya zina unene wa milimita 1.8 hivi, ikipungua hadi 1.5, ibadilishwe. Kazi ikiisha, sukumeni baisikeli kwa miguu na kuvuta kila breki. Gurudumu lisimame kabla mkono wa breki haujafika kwenye usukani. Ndipo mpande bila mzigo, mahali tambarare, na tenga lifungwe baadaye.