Tukichimba Bila Kusimama, Chini Ni Wapi?

Watoto wanapowaona mafundi wakichimba kisima, huuliza: "Wakichimba bila kusimama, watatokea wapi? Na watu wa upande wa pili, mbona hawaanguki?" Aghalabu mzazi hucheka, au humwambia mtoto anyamaze. Ilhali swali hilo lastahili jawabu, kwani ndani yake mna jambo kubwa: nini hasa maana ya juu na chini?

Tuanze na timazi ya fundi mwashi. Uzi wake hauelekei upande maalumu wa ulimwengu, bali huelekea kwenye kitovu cha dunia. Dunia ni mviringo, na kila sehemu yake huvuta. Jumla ya mivuto hiyo ndiyo inayovielekeza vitu kitovuni. Basi chini ni kukiendea kitovu, na juu ni kukiacha.

Tutazame mfano. Makka na Dar es Salaam ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Makka iko digrii 21 kaskazini ya Ikweta, na Dar es Salaam karibu digrii 7 kusini yake. Mnara uliosimama wima Makka na uliosimama wima Dar es Salaam haielekei upande mmoja: baina yake pana pembe ya digrii 28. Wala hakuna ulioinama. Kila mmoja una juu yake.

Sasa tuchimbe. Anayeanzia Dar es Salaam na kupita kitovuni hatatokea Marekani wala China, bali katika Bahari ya Pasifiki, kusini-mashariki ya visiwa vya Hawaii. Na mkabala wa Makka ni bahari hiyohiyo, karibu na visiwa vya Polinesia ya Ufaransa. Mwenye kuswali chomboni mahali hapo hasa, kila upande kwake ni njia ya Makka, na masafa yake ni mamoja.

Tuchukulie kuwa shimo hilo limekamilika, halina hewa wala joto, na tusihesabu mzunguko wa dunia. Mtu akitumbukia kwa miguu, atashuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Akifika kitovuni, baada ya kilomita 6,371, dunia humvuta kutoka pande zote kwa nguvu sawa, na uzito wake hutoweka. Hapo hapana chini tena. Kila upande ni juu. Akishakipita kitovu, safari hugeuka kuwa ya kupanda ingawa hakupinda popote. Kasi itampungua hadi afike mdomo wa pili wa shimo, baada ya dakika 40 hivi tangu kuanza. Miguu yake ndiyo itakayotangulia kutoka, ikielekea mbinguni. Asiposhika ukingo, atarudi alikotoka.

Shimo la namna hiyo halijawahi kuwepo. Umoja wa Kisovieti ulianza kuchimba katika rasi ya Kola mwaka 1970, na kufikia mwaka 1989 kina kilikuwa mita 12,262. Huko joto lilifika karibu digrii 180, na kazi ikashindikana. Hata sehemu moja ya mia tano ya njia ya kwenda kitovuni haikutimia. Lakini umbali wenyewe ulikadiriwa zamani bila ya kuchimba. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipima kimo cha mlima huko Nandana, katika Pakistan ya leo, kisha akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka anapoutazama kutoka kileleni. Kwa hesabu hiyo alipata makadirio yaliyo karibu sana na ya leo.

Faida ya elimu hii si ndogo. Watoto wetu huona ramani zenye Ulaya juu na Afrika chini, wakadhani ndivyo dunia ilivyo. Al-Idrisi alipochora ramani yake mwaka 1154, aliweka kusini juu. Hayo ni mazoea ya wachoraji tu. Katika dunia yenyewe, hakuna taifa linaloishi chini ya jingine. Kila mtu miguu yake imeelekea kitovuni, na mbingu iko juu ya kichwa chake.

Basi mtoto akiuliza, asinyamazishwe. Chukueni chungwa, lichomeni njiti pande zote, kila moja ikielekea katikati. Kisha mwulizeni yeye: njiti ipi iko chini?