Kila Mti na Maji Yake

Mbegu ya muembe hulala ardhini kwanza, ikapata mvua, ndipo ikachipua. Mbegu ya mkoko haingoji hivyo. Huchipua ikiwa bado juu mtini, imening'inia kwa mama yake, ikirefuka mwezi baada ya mwezi mpaka iwe kama rula ya shuleni: kijiti cha kijani, kinene kidogo upande wa chini, kimechongoka nchani. Siku ikikomaa, huachia. Ikiwa maji yametoka, hujichoma tu kwenye tope ikasimama. Ikiwa maji yamejaa, huelea, ikachukuliwa na mkondo wiki hata miezi, ikaota mahali ambapo mama yake hatapaona kamwe.

Basi, wajukuu zangu, leo nataka kuwaeleza kazi ya watu wanaookota vijiti hivyo na kuvirudisha kwao. Ni kazi ya bustani, ila bustani yenyewe inamwagiliwa na bahari mara mbili kila siku, na hakuna anayeshika mpira wa maji.

Nazungumzia Vanga. Ukitoka Lunga Lunga ukaiacha barabara kuu ya kwenda Tanga, njia inakushusha mpaka mji wa wavuvi, wa mwisho upande wetu wa Kenya. Jirani yake ni kijiji cha Jimbo, na baada ya Jimbo ni Tanzania. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, unavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini hapa. Mji uko chini sana. Bamvua kubwa zikija, maji husogea mpaka karibu na milango ya watu. Kati ya mji huu na bahari kuu uko msitu wa mikoko, na mwenye kukaa Vanga haulizi msitu huo una kazi gani.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Sisi husema "mikoko" kwa mkupuo, kana kwamba ni mti mmoja. Si mmoja. Kenya ina aina 9, na kila moja ina jina lake na mahali pake.

Anayesimama mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi, ni mlilana. Mizizi yake ya kupumulia hutokeza juu ya tope kama pembe, minene na myepesi, na wavuvi wa zamani waliikata wakaifanya maboya ya nyavu. Maua yake hufunguka usiku, meupe, yenye nyuzi nyingi, na popo huja kunywa utamu wake. Chavua huwaganda manyoyani wakaipeleka kwenye mti mwingine. Nyuma ya mlilana ndipo alipo mkoko wenyewe, yule mwenye mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina kama miguu ya buibui. Kisha mkandaa, mwembamba na mgumu, unaopenda mahali ambapo maji hayafiki kila siku. Mchu mara nyingi huwa nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, kwenye chumvi kali. Ulambe jani la mchu: utaonja chumvi, kwa kuwa mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Na katikati yao wapo muia, na mkomafi wenye tunda la mviringo, zito, linalotoshana na kichwa cha mtoto mchanga, ambalo likipasuka mbegu zake hazirudishiki tena zilivyokuwa zimepangika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpandaji ni kujifunza maji. Koleo na jembe havimsaidii kitu kama hajui bahari inafika wapi na lini.

Nyinyi watoto wa pwani mnajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa wa kumi na nne, bamvua inakaribia: maji hujaa sana na kutoka sana. Katikati ya siku hizo ni maji mafu, yanayojaa kidogo na kutoka kidogo. Kwetu huku, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Wapandaji huutumia wakati huo. Huingia matopeni jua likiwa limepanda, na hawana muda wa porojo, maana bahari itarudi ikiwa wamemaliza au hawajamaliza.

Kabla ya siku yenyewe kuna kuokota. Kijiti cha mkoko kilichokomaa kina alama: pale kinapoungana na tunda hujitokeza pete ya rangi ya manjano. Kisicho na pete bado ni kichanga. Chenye tundu kimeshaliwa na mdudu, mwacheni nacho. Vizuri huwekwa kwenye pakacha, vikawekwa kivulini siku kadhaa kabla ya kupandwa, na sababu yake naipenda sana. Kaa wa matopeni hupenda kijiti kibichi chenye utomvu mtamu. Hukitafuna kuzunguka shingo kikafa. Kikikaa kivulini hupungua utamu, kaa akaonja na kwenda zake. Aliyegundua jambo hilo aliwaangalia kaa kwa muda mrefu kabla hajawaita maadui.

Kisha ni kuchomeka. Unakisimamisha kijiti wima, ncha chini, unakidumbukiza kiasi cha kusimama bila kuyumba. Mwenzako anachomeka chake hatua moja kando. Aliyechomeka juu chini amekiua, na hutokea, hasa wageni wanapokuja kwa mabasi kupanda na kupigwa picha. Mlilana na mchu mbegu zao ni za namna nyingine. Hizo hupewa vifuko vya tope kwenye kitalu kilichotengenezwa pembeni mwa hori, mahali ambapo maji kujaa yatazifikia yenyewe, na miche ikipata nguvu ndipo huhamishwa.

Nawaambia kosa kubwa kupita yote. Mtu huona uwanda mtupu wa tope mbele ya msitu, akasema, hapa pako wazi, tupande. Anapanda mkoko, kwa sababu vijiti vyake ndivyo rahisi kuokota. Lakini hapo si pa mkoko. Kama kuna mti wa kuota hapo ni mlilana, na pengine hapana mti kabisa, ni malisho ya ndege wa pwani na mahali pa akina mama wanaookota chaza. Miche inapigwa na mawimbi, viumbe vidogo vyenye magamba magumu vinaikwea shina mpaka inainama, na baada ya msimu mmoja hubaki vijiti vikavu. Kosa hili limefanywa pwani nyingi duniani, Asia na Afrika, na watu wenye nia njema kabisa. Mimi kwa maoni yangu, mtu aliyepanda miche 50 mahali pake akarudi kuiangalia mwaka wa pili amefanya kazi kubwa kuliko aliyepanda 5,000 akaondoka na basi.

Na kurudi kuna malipo yake. Kaa nami matopeni kimya, muda wa kama robo saa. Mashimo yote uliyodhani ni matupu yataanza kutoa kaa, mmoja ana gando jekundu kubwa kuliko mwili wake, analipunga kama mtu anayeita dau. Wanavuta majani ndani ya mashimo yao; tope hupumua kupitia mashimo hayo. Tondo, konokono mrefu mweusi, hulikusanyikia jani moja kumikumi. Yupo samaki mdogo mwenye macho utosini ambaye hutoka majini akatembea kwa mapezi na kuruka juu ya mizizi. Maji yakijaa, kati ya miguu ya mkoko hujificha kamba wachanga, mkizi na mwatiko, mahali ambapo samaki wakubwa hawapiti. Yangeyange husimama juu. Nyuki huja kwa ua la mchu.

Pana wakati misitu hii ilikaribia kutoweka mahali pengine kwetu. Miti yake iliuzwa tangu zama za majahazi: fito, pau, boriti, nguzo, kila unene una jina, na boriti za pwani yetu zilivuka mpaka Uarabuni kuezekea nyumba. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuziuza nje. Gazi, huko Msambweni, miti ilikuwa imekatwa kwa kuni za viwanda, sehemu zikabaki jangwa la tope. Mwaka 1991 watafiti, akiwemo Dkt James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, wakaanza na wanakijiji kupanda upya. Miti ile leo imewapita watu kwa urefu mara nyingi. Mwaka 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata. Waliunganisha herufi za majina ya vijiji vyao, wakaiita jumuiya yao ya msitu Vajiki, na mradi wao, Vanga Blue Forest, unalinda zaidi ya hekta 400.

Mtauliza pesa zinatoka wapi. Mti huvuta hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto, ukaijenga ndani ya shina na mizizi. Misitu yote hufanya hivyo. Ila majani na mizizi ya mikoko ikifa huzama kwenye tope lisilo na hewa, na pasipo hewa kitu huoza polepole mno. Kaboni iliyotokana na hewa ile hukaa humo karne na karne. Kuna watu na kampuni ng'ambo wanaolipia kila tani iliyozuiwa hivyo. Gazi fedha hizo zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji ya bomba. Kuilinda hiyo miti ni sharti la malipo, na ndiyo maana vijiji hivi vimepanda mivinje nchi kavu: mama anayepika anahitaji kuni leo, na humwambii asikate bila kumpa pa kukata.

Wazee wa Kidigo walijua kulinda msitu kabla ya hayo yote. Msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, umesimama kwa miiko yao, na mwaka 2008 kaya za Wamijikenda ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mikoko haijapata wazee wa kuiapia. Inao vijana na akina mama wanaojitolea, wenye tope mpaka magotini.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Tazameni mwezi. Ukifika wa kumi na nne, ngojeni siku mbili, vaeni viatu vinavyofungwa kamba, mchukue pakacha na mwende na mtu mzima anayeujua mkondo. Tafuteni kijiti chenye pete ya manjano, kisha kabla hamjakichomeka popote, inueni macho mwulize ni mti gani umesimama hapo karibu. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yametoka.