Gari la Juu, Daraja la Chini

Wageni wanaojiendeshea wenyewe kwenda Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, hupenda gari la juu: Landikruza yenye hema kwenye paa, matairi mapana, na bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa kioo. Aliyekaa kwenye kiti cha gari hilo huitazama barabara kutoka juu, na mto vilevile. Pale Katunguru, barabara ya Mbarara–Kasese inapovuka mfereji wa Kazinga, mtazamo huo hauna gharama. Maziwa unayoyaunganisha, George na Edward, yanakaribiana sana kwa kimo, kwa hiyo maji kati yake hayana haraka. Ukishafika Kikorongo, ukakata kwenda Bwera au ukanyoosha kwenda Kasese, mito inabadilika tabia. Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha yote inatoka Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, na inateremka hadi maziwa yaliyo chini ya mita 1,000 katika makumi machache tu ya kilomita. Mvua inanyesha mlimani, bondeni jua linawaka, na mto unafura. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba uliivamia Kilembe na mji wa Kasese. Mei 2020 ukarudi, ukabeba mawe makubwa, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe.

Kwenye vivuko vya mito kama hii, hasa madaraja mafupi na kalvati za barabara za murramu zinazomezwa na maji kila mafuriko yanapokuja, dereva hujiuliza swali lisilo lake: gari langu lina kimo gani? Swali linalofaa ni jingine kabisa: uzito gani utabaki kwenye matairi? Kimo cha gari huonekana kwa macho, uzito huo hauonekani, na hapo ndipo macho yanapomponza dereva. Gari lililofungwa milango ni chombo cha kuelea, kama sufuria tupu kwenye beseni, hadi maji yatakapoingia ndani. Chukua Landikruza ya tani mbili na robo, yenye urefu wa mita 5 na upana wa karibu mita 1.9. Sakafu yake ina eneo la kama mita za mraba 9. Maji yakishafika sakafuni, kila sentimita 10 za ziada huliinua gari kwa nguvu ya karibu kilo 900. Sentimita 25 tu juu ya sakafu zinatosha kuumaliza uzito wote. Gari la kambi lenye chumba kikubwa nyuma lina hali mbaya zaidi, maana eneo la sakafu limeongezeka kuliko uzito wake. Na tairi hushika barabara kwa uzito. Uzito ukiisha, usukani na breki vinabaki mapambo.

Hesabu hii imepimwa kwa magari halisi. Wahandisi wa maabara ya maji ya Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliweka magari mazima ndani ya maji na kuyavuta ili wajue yanaponyoka wapi. Toyota Yaris ya zaidi kidogo ya tani moja ilisukumika katika maji ya sentimita 15 yanayokwenda kilomita 3.6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nissan Patrol ya tani mbili na nusu, gari la juu hasa, ilianza kupoteza uthabiti kwenye sentimita 45 kwa mwendo kama huo, na kwenye sentimita 95 ilielea kabisa. Kimo chote kile kilimnunulia dereva sentimita 30. Mto wa Ruwenzori uliofura hauendi mwendo wa mtembeaji, na kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wa maji huongezeka mara nne.

Kuna watakaosema basi au lori ni zito mno kubebwa. Basi huchelewa kuelea, ni kweli, lakini ubavu wake una urefu wa mita 12. Maji yenye kina cha nusu mita yakiugonga ubavu huo kwa mita 3 kwa sekunde, yanausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani tatu, na chini ya matairi kuna tope linaloteleza. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilizama likivuka daraja lililofurika la mto Enziu, Mwingi, nchini Kenya, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wengine hutegemea lile bomba la hewa. Linaiwezesha injini kupumua. Halimwongezei mtu hata kilo moja ya uzito. Wapo pia wanaofungua milango makusudi ili maji yaingie, na kweli hivyo gari haliinuki upesi, ila msukumo wa ubavuni uko palepale, sasa abiria wakiwa wamekaa majini. Hoja ya kwamba gari lililotangulia limepita ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa lilipita katika maji ya dakika kumi zilizopita.

Hoja yenye uzito ni ya mfanyabiashara anayewahi soko la Mpondwe na nyanya zinazooza: hawezi kungoja. Lakini mteremko uleule unaoufanya mto ufure ghafla ndio unaoyaondoa maji mapema. Mara nyingi kungoja huku ni kwa saa, si kwa siku, mradi mvua imekoma mlimani. Nguzo za vipimo zilizopakwa rangi kando ya kila kivuko zingemsaidia kujua maji yanapanda au yanashuka, na ni kazi ya bei nafuu kwa wilaya. Hata hivyo nguzo husoma kina cha maji tu. Mto unaobeba mawe huchimba udongo chini ya kingo za daraja, na maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kiti cha juu hakimwonyeshi dereva kama barabara bado ipo upande wa pili.