Chungu Kinachovuja kwa Makusudi

Mto Nyangores hushuka kutoka msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita karibu na hospitali ya Tenwek huko Silibwet, kisha ukaungana na Amala kuwa mto Mara. Maporomoko yake huizalishia hospitali umeme. Maji ya mto huo na ya vijito vinavyopita katikati ya mashamba ya majani chai huishia pia kwenye mitungi ya nyumbani, na mvua kubwa ikinyesha hubeba tope na kinyesi. Kuyachemsha ni kinga nzuri, lakini kila sufuria inataka kuni.

Ipo njia nyingine: kuyapitisha kwenye chungu cha udongo. Mwaka 1981, mkemia Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni chungu cha kuchuja maji ambacho fundi wa kawaida anaweza kukitengeneza. Shirika la Potters for Peace likaueneza ufundi huo katika nchi nyingi. Nchini Uganda, SPOUTS of Water hutengeneza vichujio vya aina hiyo kwa jina la Purifaaya.

Udongo mkavu husagwa, ukachekechwa na kuchanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga, kisha hukandwa kwa maji na kushindiliwa kwenye kalibu kwa jeki. Chungu kikishakauka huingia tanuri, na joto hupandishwa hadi kama nyuzi 850 au 900 za Selsiasi. Unga wa mbao huungua wote, na pale ulipokuwa pakabaki uwazi. Kwa hiyo chekeche ndiyo inayoamua mengi: chembe zikiwa kubwa, matundu huwa makubwa.

Matundu yanayotakiwa ni ya mikroni 1 hivi, wakati unywele una unene wa mikroni 70 hivi. Kimelea cha kipindupindu kina urefu wa mikroni 1 hadi 3, ila ni chembamba, hivyo huweza kupenya baadhi ya matundu. Kinachokinasa ni kona nyingi za njia yenyewe, pamoja na madini ya fedha yanayopakwa chunguni ili kuua bakteria.

Fundi anajuaje kwamba chungu ni kizuri? Kwanza hukigonga kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Halafu hukididimiza kwenye pipa la maji hadi karibu na ukingo na kuangalia ndani. Tone likichomoza mahali pamoja upesi, pana ufa. Mwisho hukiloweka kutwa kucha, akakijaza na kupima kilichopita kwa saa moja. Viwanda vingi hukubali lita 1 hadi 3. Kinachopitisha kwa kasi zaidi huvunjwa, hata kama maji yake yanang'aa.

Maabara huenda mbali zaidi. Chukua kigae cha gramu 312. Kichemshe majini hadi hewa yote itoke, kipime tena: gramu 392. Kipime kikining'inia ndani ya maji: gramu 192. Basi kimemeza gramu 80 za maji, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 200, maana yake asilimia 40 ya kigae ni uwazi. Ukubwa wa matundu hupimwa kwa kusukuma zebaki ndani yake. Tundu la mikroni 1 hudai mgandamizo wa karibu mara 15 ya ule wa hewa.

Uwazi huo una gharama. Mwaka 1953 mtafiti Ryshkewitch alionyesha, kwa kauri za alumina na zirkonia, kwamba uwazi wa asilimia 10 tu hupunguza nguvu hadi karibu nusu. Ndiyo sababu kigae huwekwa juu ya nguzo mbili na kukandamizwa katikati hadi kivunjike, ili uzito ulioandikwa uelekeze uchanganyaji unaofuata. Nchini Cambodia, utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulikuta watumiaji wa vichujio hivi wakiharisha kwa asilimia 46 pungufu, lakini kila mwezi kama asilimia 2 ya vyungu viliachwa, hasa kwa kuvunjika. Hapo ndipo kazi kubwa ya mafundi wetu ilipo, kuliko kutafuta kasi ya maji.

Chungu hakizuii kila kitu: virusi ni vidogo mno kwa matundu yake, na mbolea iliyoyeyuka kutoka mashambani hupita vilevile. Chungu kikianza kuchelewa husuguliwa kwa brashi safi bila sabuni, kwani sabuni hubaki matunduni.