Kabati la Ukutani la Zana za Seremala

Katika kata ya Janga, karibu na Mlandizi wilayani Kibaha, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kisarawe na Pwani yote, seremala aghalabu hufanya kazi yake barazani au chini ya mwembe. Jioni huzikusanya zana zake, akazitia katika gunia au kikapu, na kuzisukuma chini ya kitanda. Desturi hiyo ni ya siku nyingi, wala hatumlaumu mtu kwayo. Lakini yafaa tuitazame gharama yake. Patasi iliyonolewa asubuhi hugongana na nyundo ndani ya gunia. Meno ya msumeno hukwaruzana na chuma cha randa. Na kesho yake fundi hukaa juu ya kinoo muda mrefu akirudisha makali yaliyoharibika pasipo kukata hata ubao mmoja. Muda huo ni ujira uliopotea, na watoto wake ndio wanaoukosa.

Tena iko kutu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Pwani hujaa unyevu, nalo gunia huunyonya na kukishikilia chuma usiku kucha. Jasho la mkono, kwa kuwa lina chumvi, huuzidisha ubaya huo.

Dawa ya haya yote ni kabati la kutundika ukutani, na kila kijana ajifunzaje useremala angelifanya hilo liwe kazi yake ya kwanza ya maana. Kuhifadhi vitu ukutani si jambo geni kwetu: nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya mwambao zilijengwa na zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo ndani ya kuta zenyewe. Seremala anafanya lile lile kwa mbao.

Kosa la wengi ni kuanza na mbao. Huunda sanduku zuri, kisha wakatafuta jinsi ya kuzienezea zana ndani yake, na mwisho nusu ya zana hubaki nje. Anza na zana zenyewe. Tandika mkeka, uzilaze zote juu yake kama zitakavyokaa kabatini, uzisogeze huku na huku mpaka uridhike, ndipo upime. Msumeno wa mkono wenye bapa la inchi 26 hufika kiasi cha inchi 30 pamoja na mpini wake. Basi huo ndio utakaoamua kimo cha kabati. Kwa fundi wa kawaida, kabati la kimo cha futi 3, upana wa futi 2 na kina cha inchi 8 linatosha. Milango iwe miwili, nayo isiwe mbao bapa bali visanduku vya kina cha inchi 3, ili misumeno, vipimo vya pembe na bisibisi vikae ndani ya milango, na randa, patasi, nyundo na keekee vibaki katikati. Kwa kuwa milango hiyo itabeba uzito, kila mmoja upewe bawaba tatu wala si mbili.

Randa ni nzito, kwa hiyo zikae chini kabisa, zimesimama juu ya ubao ulioegemezwa kidogo nyuma ili zisiangukie nje mlango ufunguliwapo. Patasi na juba zitiwe katika papi iliyotobolewa, makali chini na mpini juu. Hapa pana jambo dogo linalosahauliwa sana: patasi haitoki tunduni ila kwa kuvutwa juu, basi juu ya mpini pabaki nafasi huru isiyopungua urefu wa bapa lake. Bila ya nafasi hiyo, mafundi huishia kutoboa papi upya. Mbele ya makali pigilia kibao chembamba, kwani mkono unaotafuta nyundo kwa haraka hauangalii kilicho jirani yake. Zana utumiayo kila saa iwe baina ya kiuno na macho; ile ya mara moja kwa mwezi ndiyo iende juu.

Ama mbao, mninga ndio sultani wao, kwa sababu haujikunji wala hauvimbi sana majira yabadilikapo. Lakini mninga ni ghali, na misitu yetu haina tena miti mikubwa kama ya zamani. Kwa maoni yetu hapana haja ya kuumaliza mninga kwa kabati la karakana. Mbao za paina zitokazo katika mashamba ya miti ya Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi na zinafaa, mradi ziwe zimekauka. Mninga tumia vipande vilivyobaki kwa papi na vishikizo. Mgongo wa kabati uwe wa plaiwudi, maana ubao mpana uliopigiliwa pande zote nne hupasuka ukinywea.

Kabati lililojaa laweza kupita kilo 30, na hapo ndipo wengi hupata hasara. Pasua papi ya mti mgumu, upana wa inchi 4, kwa urefu wake wote, msumeno ukiwa umelazwa mshazari wa digrii 45. Kipande kimoja kikaze ukutani, mshazari wake ukiwa juu na ncha yake kali ikiwa upande wa nje, hata pawepo mfuo baina yake na ukuta. Cha pili kikaze mgongoni mwa kabati, kimegeuzwa, nacho kitaingia mfuoni na kuzidi kujibana kwa uzito wenyewe. Chini ya mgongo weka papi nyingine ya unene ule ule, kabati lisimame wima. Katika nyumba ya miti na udongo, kaza kwenye nguzo, kamwe si kwenye udongo. Na ule upenyo wa inchi moja unaobaki nyuma una faida mbili: hewa hupita, na vijia vya mchwa huonekana kabla hawajafika kwenye mbao.

Huko Marekani alikuwako fundi wa piano, Henry O. Studley, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925, ambaye kabati lake la ukutani lilibeba zana nyingi sana, limenakshiwa kwa mpingo, pembe za ndovu na gamba la chaza wa lulu, na likaja kuonyeshwa katika Makumbusho ya Smithsonian. Ni ajabu ya macho. Lakini ndani yake zana zimepangwa tabaka juu ya tabaka, hata kuifikia moja huna budi kufunua nyingine, na kila moja imechongewa mahali pake hasa pasipo nafasi ya mgeni. Fundi wa Janga ataongeza zana kadiri Mwenyezi Mungu atakavyomruzuku. Basi aache wazi robo ya kabati.

Kila chombo kichorewe umbo lake kwa wino nyuma ya mahali pake. Kabla ya Magharibi, fundi akitupa jicho mara moja atajua kilichosahauliwa kwa mteja. Apanguse chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, afunge kitasa, na ufunguo autundike watoto wasipoufikia.

Liko jambo moja zaidi, na hili lawahusu hata watu wa nyumbani. Mafundi huazimana zana sana. Fundi akifariki, mjane na mayatima hukuta mali wasiyoweza kuipambanua: ipi ni ya marehemu, iingie katika mirathi, na ipi ni ya watu, irudishwe kama amana? Na randa zake mwenyewe zilizo kwa wengine, nani atazidai? Magomvi mengi hutoka hapo. Andika basi orodha ya zana zako, na chini yake safu mbili: ulichoazima na ulichoazimisha, pamoja na jina na tarehe. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kulia, iandikwe kwa kalamu ya risasi, ili mstari ufutwe chombo kirudipo kwa mwenyewe.