Lifti ya skuta ikipasua chesisi, usikubali kupakwa rangi tu

Leo naleta mada inayogusa watu wachache, lakini ikikugusa inauma mfukoni na inaweza kuua mtu barabarani. Ni kuhusu lifti ya kubebea skuta ya mgonjwa inavyoharibu gari, na namna ya kulirekebisha.

Skuta ninayosema siyo Vespa. Ni kile kigari kidogo cha betri, cha kiti kimoja, anachotumia mtu ambaye miguu haimruhusu kutembea mbali. Marekani na Uingereza ni vya kawaida sana. Hapa Bongo ni vichache, na vingine vinatumwa na ndugu walio nje. Kwa kuwa skuta kubwa ni nzito, watu hufunga lifti ya umeme nyuma ya gari, unabonyeza kitufe inanyanyua.

Jirani yetu, mzee aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari, ana lifti hiyo kwenye Toyota Noah yake. Baada ya miezi kadhaa mlango wa nyuma ukaanza kugoma kufunga, na gari likawa linalia chini kila likipita tuta. Gereji ya kwanza walipiga puti, wakapaka rangi nyeusi, wakachukua hela. Wiki tatu tu, kelele zikarudi. Gereji ya pili nilienda naye, nikashinda pale siku mbili nikimsumbua fundi kwa maswali. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWA NINI INAPASUKA

Chukua skuta ya kilo 100 na lifti ya kilo 50. Jumla 150. Watu wanasema mbona Noah inabeba abiria saba? Ndiyo, lakini abiria wengi wanakaa katikati ya tairi za mbele na za nyuma. Skuta inaning'inia nje kabisa.

Tuseme uzito huo uko mita 1.4 nyuma ya tairi za nyuma. Kutoka tairi za mbele hadi za nyuma Noah ina karibu mita 2.8. Hapo ni kama bembea ya watoto: tairi za mbele zinapunguziwa kilo 75, na za nyuma zinaongezewa kilo 225. Na hapo gari limesimama. Likidumbukia shimoni mzigo unaruka na kushuka, nguvu inazidi mara kadhaa. Mbele kukiwa kwepesi, hata usukani na breki havishiki vizuri.

Jambo la pili ni bodi yenyewe. Land Cruiser na Hilux zina chesisi ya vyuma vinene chini. Noah ile iliyotoka kuanzia 2001 haina. Bodi ndiyo chesisi, na chini kuna maboksi ya bati lililokunjwa, ndani matupu. Ukitoboa boksi na kukaza bolti kwa nguvu, bati linabonyea. Likibonyea bolti inalegea, tundu linapanuka, na ufa unaanzia pale pale. Ongeza kutu kwenye tundu ambalo halikupakwa dawa, kazi imekwisha.

INAVYOREKEBISHWA

1. Lifti inatolewa yote. Huwezi kuona ufa uliojificha nyuma ya bamba la lifti.

2. Gari linapimwa kwa msalaba, kona ya kulia mbele na ya kushoto nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana, bodi imepinda na inavutwa kwanza kwenye mashine. Kuchomelea bodi iliyopinda ni kuufungia ubovu ndani.

3. Rangi na kutu vinakwanguliwa hadi chuma cheupe. Kisha inapulizwa dawa nyekundu, inafutwa, inafuata poda nyeupe. Ufa unajichora wenyewe mstari mwekundu.

4. Mwisho wa ufa unatobolewa tundu dogo. Hii ilinishangaza, kumbe ncha ya ufa ni kama wembe, tundu la duara linaifanya butu isiendelee kukata.

5. Waya za betri zinachomolewa ili kulinda kompyuta ya gari, na tangi la mafuta linashushwa. Ufa unachimbwa kidogo, unachomelewa, unasagwa. Hakuna kupasha bati moto hadi liwe jekundu ili linyooke, chuma cha magari ya siku hizi kinapoteza nguvu.

6. Juu yake linawekwa bamba la kiraka lenye ncha zilizochongoka kama almasi. Kiraka cha mraba kinahamishia mzigo wote kwenye mstari mmoja, ufa mpya unazaliwa pembeni yake.

7. Dawa ya kutu nje na ndani ya boksi.

LIFTI IRUDIJE?

Hapa ndipo gereji ya kwanza walipochemsha. Ufa ni dalili, ugonjwa ni namna lifti ilivyofungwa. Mzee alikata tamaa, akasema, "Itoe tu mwanangu, nitakaa nyumbani." Fundi akamjibu, "Mzee wangu, ukikaa nyumbani kliniki nani atakwenda?" Kweli, bila lifti mzee haendi kliniki wala msikitini mpaka wajukuu warudi shule.

Ikarudi hivi: ndani ya boksi kila bolti ikavishwa kipande cha bomba ili bati lisibonyee, bamba nene likawekwa upande wa pili, na vishikio vikaongezwa hadi kwenye sakafu badala ya kutegemea boksi mbili za nyuma. Pia kiti na betri za skuta sasa vinachomolewa na kusafiri ndani ya gari. Uzito unaoning'inia umepungua.

Kwa anayetaka kununua, Toyota wana magari waliyoyapa jina la Welcab, ya watu wenye ulemavu, na mengine yanatoka kiwandani na lifti yake. Ukipata lililotumika Japani, umekwepa mengi ya haya.

Kama tayari una lifti, kila mwezi lala chini na tochi. Angalia rangi iliyopasuka kuzunguka bolti, michirizi ya kutu, na mlango wa nyuma unaokataa kufunga. Ukiona kimojawapo, acha kuipakia skuta mpaka fundi aone.

Mafundi mliomo humu, niongezeeni au nisahihisheni kwenye maoni. Nawakilisha.