Simu ya mara ya pili

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8; 3 Yohana 13-14



Usiku mmoja, baada ya kipindi cha maombi, mama mmoja alipiga simu kwenye redio yetu. Tangu walipokimbia kijiji halali tena, mawazo ni mengi, hatamani kuishi. Tulianza kumwombea hapo hapo. Katikati ya maombi inite zake zikaisha. Namba yake tulikuwa nayo, lakini tulimpigia siku ya tatu tu. Kwa neema ya Mungu alikuwa hai. Sisi tuliona kosa letu: tulisema mengi, tulisikiliza kidogo, na hatukurudi.

Eliya naye aliomba kufa chini ya mti. Malaika hakumkemea wala hakumwambia ana imani ndogo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi mara ya pili.

Kule Harare, Zimbabwe, munganga Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua; alikuwa amekosa nauli ya kufika hospitali. Ndipo mwaka 2006 akaanza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kusikiliza watu, wakikaa nao kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Washona huita taabu hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mgonjwa anataja matatizo yake, anachagua moja, wanatafuta pamoja hatua ndogo anayoiweza, kisha anarudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti wa watu 573 uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. COVID-19 ilipozuia watu kukaa pamoja, mazungumzo hayo yaliendelea kwa simu na WhatsApp.

Kwetu, mara nyingi barabara hufungwa na rezo bado ipo. Basi kanisa linaweza kufanya kazi hii, lakini kwa utaratibu:

1. Piga wewe, ili inite zake zisikukatize. Sikiliza kwanza, maombi yafuate, kama anayataka.

2. Linda siri. Muulize kama yuko mahali pa kusema kwa uhuru, maana simu inaweza kuwa ya mume au ya jirani. Usifungue sauti wengine wasikie, wala usigeuze habari zake kuwa ushuhuda kanisani.

3. Akisema maisha yamemchosha, muulize wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo moyoni. Linamfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake. Tafuta mtu wa karibu anayemwamini aende sasa hivi, aondoe sumu na kamba, na amfikishe kituo cha afya.

4. Usimwambie mtu yeyote aache dawa. Mwenye kifafa, au anayesikia sauti wengine wasizozisikia, aonwe na munganga. Tuombe, naye ameze dawa; Mungu hachukizwi na dawa.

5. Kabla ya kukata simu, mpatane siku na saa ya kupiga tena. Andika, utimize.

Simu ina mpaka wake. Mtume Yohana alikuwa na mengi ya kusema, lakini hakutaka kuyamaliza kwa wino na kalamu. Alitumaini kuonana uso kwa uso. Simu ni barua yetu ya leo. Inatangulia miguu, haichukui nafasi yake.

Wiki hii, kila kikundi cha maombi kichague watu wawili wanaojua kunyamaza, na kiwachangie inite. Kisha kila mmoja wetu ajiulize: ni nani aliyetupigia akilia, nasi hatujarudi kwake? Tumpigie leo, kabla ya giza.

Bwana awabariki.